Vitunguu Saumu Vimeota

Mwanangu Rehema,

Umetoka saa saba kwenda Sydenham kuwaaga wenzio, umesema utarudi kabla ya magharibi. Nimekaa hapa mezani jikoni, sanduku lako liko mlangoni limefungwa kamba, nikaona niandike sasa kungali mchana, kwa sababu jioni nyumba itajaa watu na kesho asubuhi itakuwa mbio za uwanja wa ndege. Barua nitaitia ndani ya mkoba wako wa mkononi. Isome ukiwa angani. Ukiisoma hapa utanijia juu, nami leo sina nguvu ya kugombana na mtu.

Habari za soksi na makoti sitazirudia. Mama Furaha wa saluni amekwisha kukwambia yote, yeye ambaye theluji anaiona kwenye kalenda tu. Jana si alisimama hapo mlangoni, mikono imejaa mafuta ya nywele: "Mama Rehema, kule iko baridi ya kuua mutu, eish! Umupatie huyu mutoto makoti mbili!" Makoti mawili unayo. Yatakutosha.

Ninachotaka kusema kinahusu yale maneno yako ya juzi juu ya baba yako. Tulikuwa tumesimama kwenye robot, taa za barabarani kama wanavyoziita hapa Durban, tukingoja teksi zipite, nimebeba kifurushi cha vitambaa, ukasema bila hata kunitazama: "Mama, nikifika Kanada sitakwenda kwake. Nitamsalimia pale uwanjani kwa adabu, kisha naenda zangu bwenini. Mtu aliyechagua viazi akaacha mke na mtoto, akae na viazi vyake." Taa ikawa ya kijani, tukavuka. Ulidhani nimenyamaza kwa sababu nimekubali.

Maneno yale si yako, Rehema. Ni yangu. Nimeyasema mbele yako miaka kumi na mitano, nikipika, nikishona, nikikusuka nywele, mpaka yakawa yako. Na si kweli.

Kabla sijafika huko nikwambie jambo moja ili kesho usinishangae. Sitalia. Mama Furaha atalia, atajigaragaza, mlinzi wa uwanja atadhani yeye ndiye mama mzazi. Mimi nitakushikia mkoba, nitakwambia haya, ingia, watu wanasubiri. Tangu juzi nakunja nguo zako kama ninakunja za mteja. Nimejitafuta ndani nione kama kuna kinachouma, sioni kitu. Usidhani sikupendi. Nimekuwa hivi tangu Kanada, na leo nataka ujue nilivyofika hapo.

Tulikwenda wewe ukiwa na mwaka na nusu. Baba yako alikuwa amemaliza masomo ya misitu, akapata kazi kwenye kiwanda cha mbao, kaskazini huko, mji mdogo ambao ukipiga chafya huku, kule mwisho wanakuombea afya. Tukapanga nyumba ya mbao yenye kiwanja kikubwa nyuma. Jirani yetu alikuwa bibi mmoja wa Kizungu, Bibi Anna, mjane, mikono yake migumu kama ya bibi yako wa Lushoto. Kiingereza chake kilikuwa kibovu kama changu, kwa hiyo tulielewana sana.

Sasa mimi, mtoto wa Lushoto, nimezaliwa ndani ya kabichi na viazi, baba yangu akipeleka karoti mpaka Tanga mjini. Nilipoona kile kiwanja nilijua hakuna mtu wa kunifundisha kitu. Na baridi? Si kwetu pia kuna baridi? Mwezi wa saba watu wa Lushoto hatulali na sweta? Ndivyo nilivyokuwa nasema, nimeshika kiuno. Loo, nikikumbuka nataka kujizaba kofi.

Baridi ya kwanza ilinikuta mwezi wa kumi na moja. Bibi Anna alikuwa ameacha karoti zake ardhini, amezifunika majani makavu, rundo la kufika magotini, ili theluji ikianguka juu udongo wa chini usigande. Unafukua, unang'oa za kutosha siku mbili, unafunika tena. Nikaenda kung'oa zetu bila glavu. Glavu za nini, mtu anashika udongo na glavu? Mwanzoni vidole viliuma mpaka nikatamani kupiga kelele. Halafu maumivu yakakatika. Wallahi nilifurahi, nikasema moyoni, unaona, nimeshazoea. Nikakaa nje nikamaliza ndoo nzima.

Nilipoingia ndani nikaenda moja kwa moja kwenye jiko letu la kuni la chuma, nikabandika viganja. Harufu ndiyo iliyonishtua. Nilisikia harufu ya ngozi inaungua na bado sijui kuwa ni yangu. Bibi Anna, ambaye alikuwa amekuja kurudisha sahani, alinivuta mikono kwa nguvu mpaka nikaanguka kitako, akaviingiza vidole vyangu makwapani mwake mwenyewe, ndani ya blauzi, akanishika hivyo huku akinigombeza kwa lugha yao. Lile kovu la kiganja cha kushoto unalolijua ndilo hilo. Baadaye mikono ilipoanza kupata joto nililia, maana hapo ndipo maumivu yote yalipokuja, ya baridi na ya moto, kwa mpigo. Akaniambia, mkono unaouma usiuogope. Ogopa usiouma.

Nilisikia. Sikuelewa.

Ikaja mwezi wa tano. Theluji imeyeyuka, jua linawaka, nikapata siku tatu za joto mfululizo, nikatoa miche yangu niliyoikuza dirishani kwenye makopo, ya nyanya na ya maharage niliyoletewa kutoka nyumbani, mbegu za mama yangu. Bibi Anna akaniambia kutoka upande wake wa ua: bado. Nikamwambia, jua hulioni? Akaniambia, kalia udongo. Nikadhani ananitukana. Kumbe ndiyo desturi yao. Unatoka na kikombe cha chai asubuhi, unakaa chini, matako kwenye udongo mtupu, unakunywa. Ukiinuka kabla ya chai kwisha kwa sababu ya baridi, hupandi. Ukikaa mpaka tone la mwisho, panda. Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Nikapanda yote siku ile ile.

Usiku wa pili umande uliganda. Asubuhi miche yote ilikuwa imelala, myeusi, kama mboga iliyomwagiwa maji ya moto. Mbegu za mama yangu zote. Baba yako alitoka akasimama, akaniangalia, hakusema "nilikwambia", na kweli alikuwa ameniambia. Akaingia ndani akatoka na vikombe viwili vya chai. Akakaa chini kwenye udongo, na suruali yake ya kazini, akapigapiga pale kando yake. Tukakaa. Hata nusu kikombe hatukufika, wote tumeinuka tunajifuta nyuma tukicheka. Ndivyo alivyokuwa baba yako, Rehema. Sijawahi kukusimulia hilo kwa sababu lilikuwa linaharibu hadithi yangu.

Mwaka ule baadaye nilitulia, nikamfuata Bibi Anna kama mwanafunzi. Tulichimba viazi mwezi wa tisa, tukavitia kwenye shimo la chini ya sakafu. Hapo pia niliharibu, niliziba tundu la hewa kwa matambara kwa kuvionea viazi huruma visipate baridi, robo nzima ikaoza. Mwezi wa kumi, wakati kila kitu kinakufa, Bibi Anna akanipa vitunguu saumu vichwa vitano, akasema panda. Sasa? Theluji si inakuja? Akasema ndiyo, hiki lazima kilale chini ya theluji, bila baridi hakigawanyiki kuwa punje. Nikapanda mstari mmoja kando ya ukuta. Ilikuwa shida kuinama, nilikuwa na mimba ya miezi mitano.

Hapo ndipo nilitaka kufika.

Uliwahi kuniuliza, ukiwa darasa la tatu, mbona unakumbuka kikapu cheupe dirishani. Nikakwambia kilikuwa cha nguo chafu. Kilikuwa cha mdogo wako. Alizaliwa mwezi wa kwanza, kabla ya siku zake, mdogo kama kiganja, na alipumua kwa shida tangu mwanzo. Siku ya saba baba yako alimpa jina la babu yako, Athumani. Siku ya tisa alfajiri nilimkuta ametulia. Hapakuwa na mtu wa kulaumiwa. Wewe ulikuwa unavuta mguu wa meza ukitaka uji.

Sikulia. Nilikupikia uji.

Baba yako alimwosha mwenyewe, akamkatia sanda kwenye shuka langu jipya. Tukamswalia wawili, kwa kuwa Mwislamu mwingine wa karibu alikuwa mwendo wa saa sita kwa gari na barabara imefungwa. Kisha akaenda makaburini kuomba sehemu. Akarudi akasimama mlangoni, theluji kwenye kofia. Nikamwambia, vipi, wamekataa? Akasema, hawajakataa. Ardhi haichimbiki. Imeganda kwenda chini zaidi ya kimo cha mtu. Kule maiti za majira ya baridi wanaziweka kwenye nyumba ya mawe pale makaburini, zinasubiri mpaka mwezi wa tano.

Wewe umekulia kwenye misiba yetu, unajua tulivyo. Mtu akifa asubuhi, jioni tumemzika, tena tukichelewa watu wananung'unika. Mimi mwanangu asubiri miezi minne, juu ya rafu, kwa sababu udongo ni mgumu? Baba yako alichukua sururu akaenda. Alipiga siku nzima. Alirudi mikono imechubuka, mpini umepasuka, shimo alilochimba halizidi kina cha sufuria. Akamtengenezea kisanduku cha msonobari, akakipiga randa mpaka kikawa laini, akampeleka.

Nyumba ile ya mawe ilionekana kutoka dirisha la jikoni kwetu. Kila nikiosha chombo naona paa lake. Wiki mbili, Rehema. Nilikuwa naosha, napika, nakuvisha, nakuvua, na ndani kimya. Bibi Anna alikuja kila siku, alinitazama sana usoni, siku moja akanishika mikono yote miwili akaiingiza makwapani mwake kama ile siku ya jiko, na mikono yangu haikuwa na baridi hata kidogo. Nikaitoa. Nilijua anataka nini. Nilijua pia kwamba theluji ikiyeyuka, na udongo ukifunguka, na mimi nitafunguka, na yale yatakayokuja sitayaweza.

Basi nikamwambia baba yako nakwenda nyumbani kupumzika kwa mama. Nitarudi kabla hujapanda viazi. Akatupeleka mpaka uwanjani, ukalala begani kwake njia nzima. Alisema kitu kimoja tu: usikawie, tumzike pamoja. Nikasema sawa.

Sikurudi.

Mwezi wa sita ikafika barua Lushoto. Ninayo hapa mbele yangu, ni fupi, nakunakilia yote: "Leo nimekalia udongo mpaka chai ikaisha. Nimemlaza Athumani, Bibi Anna alikuwepo. Vitunguu saumu vimeota." Nilimjibu mara moja tu maisha yangu yote. Nilimwandikia arudi nyumbani, kazi za misitu zipo, mwanao anakuulizia. Akajibu kwamba angekuja hata kwa miguu, lakini hawezi kumwacha mtoto peke yake kwenye baridi ile bila hata jamaa mmoja. Nikakasirika. Rehema, sijui nikwambieje nilivyokasirika. Yeye alikuwa amebaki na mimi nimekimbia, na kila neno lake lilinionyesha hivyo. Nikaanza kukwambia kwamba baba yako amechagua viazi.

Barua zake unazijua, hizo kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Moja kila mwaka. Umeziona zikija Lushoto, zikija Dar, zikatufuata mpaka hapa Durban ghorofa ya kumi kwa sababu mjomba wako ana mdomo, kila tukihama anamtajia anwani. Ulikuwa unauliza anasema nini, nami nakujibu, habari za bustani. Hapo sikukudanganya. Baada ya zile mbili za kwanza zote zinasema kitu kimoja: hamjambo, mimi mzima, vitunguu saumu vimeota. Basi. Wewe ukakua ukidhani ni mtu mkavu, hana la kumwambia mtoto wake ila vitunguu. Ni ule mstari wangu, mwanangu. Anavuna, anatenga vichwa vikubwa, anapanda tena mwezi wa kumi. Miaka kumi na mitano ananiambia kuwa hajaondoka, na kwamba kule kwetu kungali na kitu kinaishi. Mimi nilikuwa nasoma, nakunja, natia kwenye kopo.

Sasa umeelewa kwa nini ulipopata nafasi ya chuo kule nilikubali haraka mpaka ukanitilia shaka. Ulidhani nimechoka na wewe. Nilikuwa natuma mtu wa kumwona mwanangu. Ni aibu kukwambia hivyo, kwamba nakutuma wewe kufanya nililoshindwa, lakini afadhali nikwambie.

Sikuombi unisamehe leo. Una haki ya kukaa na hasira yako, ila ielekeze inapostahili. Nikasirikie mimi, andika hata barua ya matusi, nitaisoma. Yeye usimpite pale uwanjani, mjomba wako amekwisha kumpa siku na saa. Atakuwa amesimama na kofia mkononi, nadhani amezeeka. Hatasema mengi. Mwite Baba. Nenda naye nyumbani hata kama ni kwa usiku mmoja, bwenini utakwenda kesho yake. Mwambie mama amenisimulia.

Utafika siku za mwisho za jua, viazi bado viko ardhini. Mwezi wa kumi atakuwa anapanda ule mstari. Nenda umsaidie, na uvae glavu, jeuri ya Kishambaa iache hapa. Na mwezi wa tano, akikwambia twende, nenda naye kwa Athumani. Chukueni chai. Kaa pale chini hata kama kuna baridi, ukae kidogo na kwa niaba yangu.

Nimesimama hapa kidogo nikaenda kumwagilia ndoo zangu za mchicha barazani. Upepo wa bahari umeshachoma majani tena. Chini pale South Beach watoto wanacheza na jua linawaka, na watu wamevaa majaketi ati ni baridi. Nikaona maji yananimwagikia miguuni, jagi limeinama kwenye mkono wa kushoto. Nikatazama kile kiganja. Kimeanza kuuma, Rehema. Si sana. Nimekaa tena kitini, nimekitia kwapani, naandika na huu mwingine.

Nasikia lifti inapanda, huenda ni wewe, kwa hiyo nakatiza. Nenda salama. Mwakani barua ya bustani uiandike wewe. Vitunguu saumu vikiota, niambie.

Nitajibu.

Mama yako